Fomu ya Tano ya Hilda

“Sisaini,” Marcelina alisema kwa mara ya tatu, na safari hii aliisukuma kalamu hadi upande wa pili wa neti. “Na usiniletee hiyo sauti ya kubembeleza, Kocha. Nimeshaizoea.”

“Mama Hilda, ni namba moja tu.”

“Mwaka jana ulisema hivyohivyo.”

“Na mwaka jana tulichukua kombe.”

“Wewe ulichukua kombe. Mimi nilichukua mtoto, nikarudi naye vilevile nilivyompeleka.”

Kocha Felisian aliibana raketi kwapani na kutazama juu kwenye mabati. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, ndani ya ghala la zamani la pamba huko Mukendo, Musoma, ambalo klabu ililigeuza ukumbi wa mpira wa meza. Meza zilikuwa mbili. Kwenye ya kwanza zilikuwa zimelazwa fomu za mashindano ya Butiama. Kwenye ya pili, Hilda alikuwa anapiga bekhendi, pigo la mgongo wa mkono, na mdogo wake Gloria alikuwa anamrushia mipira kutoka kwenye ndoo, mmoja baada ya mwingine. Gloria alikuwa na miaka kumi na mitatu na alimzidi dada yake kichwa kizima. Karibu na mlango, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Magige wa kamati ya mashindano, muhuri gotini, akisubiri. Fomu zilikuwa zinafungwa saa sita.

Hilda alizaliwa Machi 2010. Alikuwa kidato cha pili. Alikuwa na miaka kumi na moja, na alikuwa nayo tangu 2021.

Fomu ya 2021 ilikuwa ya kweli. Mwaka uliofuata alifika miaka kumi na miwili, akatakiwa apande kundi, na Kocha akaandika kwamba amezaliwa 2011. Marcelina alisaini, muhuri ukagongwa, Hilda akaacha kukua. Hakuugua. Alikula ugali na sato kama watu wengine, tena alikula sana, na chakula kikawa kinakwenda kusikojulikana. Jino lake la pembeni, lililokuwa limeanza kucheza, liliendelea kucheza mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu bila kung'oka.

Marcelina aligundua kwa utepe. Kazi yake ni kushona sare za shule, na kila Januari hupima watoto na kuandika kwenye daftari: kifua, kiuno, urefu wa sketi. Januari 2023 aliandika vipimo vya Hilda chini ya vile vya mwaka uliotangulia akaona havijasogea hata nusu inchi. Akapima tena. Kisha akaamua kwamba sketi za zamani bado zinamtosha, na kitambaa alichokuwa amemwekea Hilda akamshonea Gloria. Mwaka huo hakulalamika. Yupo mzazi atakayesema yeye angelalamika. Huyo hajawahi kununua kitambaa cha sare za watoto wawili mwezi wa Januari.

Baadaye alimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima Hilda uzito na urefu, akamchungulia kinywani, akauliza karatasi zinasema ana miaka mingapi.

“Kumi na moja,” Marcelina alijibu.

“Basi yuko sawasawa. Shida iko wapi?”

Marcelina alimshukuru na kuondoka. Fomu ya mwaka huo ilisema Hilda amezaliwa Machi 2012. Gloria alizaliwa Agosti 2012, na fomu yake, ambayo ilikuwa ya kweli, ilibandikwa ubaoni pembeni ya ile ya dada yake. Kwa hiyo, kwa mujibu wa ubao, Marcelina alijifungua Machi na akajifungua tena Agosti. Hakuna aliyeuliza. Mzee wa kanisa mmoja aliyepita kusoma majina alimpa pole.

Lazima isemwe kwamba Felisian ni kocha mzuri. Hapigi watoto, hachelewi, na anaweza kumtazama mtu akipiga mpira mmoja akajua bega lipi linamuuma. Lakini alikuwa na hasara moja ambayo kila kocha wa watoto anaijua. Unamfundisha mtoto bekhendi miaka miwili, inatulia, inakuwa yake, halafu likizo moja anarefuka sentimita tano. Kiwiko kinapanda. Mpira aliokuwa anakutana nao kifuani sasa anaukuta tumboni. Bekhendi ya miaka miwili inakufa wiki moja, na mnarudi kwenye kushika raketi. Hilda hakumpa hasara hiyo. Kila alichokiweka ndani ya ule mkono alikikuta siku ya pili palepale alipokiweka. Miaka ikapita, na mkono wa mtoto wa miaka kumi na moja ukawa umepiga mpira uleule labda mara laki mbili. Watoto wa Tarime, wa Serengeti na wa Rorya walisimama ng'ambo ya neti yake, wakafungwa, wakaenda kula ndizi. Baada ya mwaka au miwili walikuwa warefu na wana sauti nzito, na Hilda alikuwa anawafunga wadogo zao.

Kilichombadilisha Marcelina ni mashindano ya mwaka jana kule Bunda.

Bunda wana mchezaji anaitwa Prosper. Marcelina alimfahamu zamani kwa sababu nyingine: alikuwa dereva wa bodaboda pale stendi, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye leseni na ndevu kidogo, na mara mbili alimbebea marobota ya kitambaa. Kocha wa kule alimwandika chini ya miaka kumi na sita. Mwaka uliofuata kundi la kumi na nne lilipungukiwa mtu, wakamshusha. Kisha kumi na mbili. Mwaka jana alikuwa kwenye kundi la chini ya miaka tisa, akicheza amesimama juu ya kreti la soda, na alicheza vizuri sana. Baada ya mechi alimfuata Marcelina kwenye benchi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Prosper. Hujambo?”

“Sijambo. Naomba unifungie kamba za viatu. Vidole vimesahau.”

Marcelina aliinama akamfunga. Prosper alisema asante, akauliza bei ya mafuta siku hizi ni shilingi ngapi lita, akasikiliza jibu, akatikisa kichwa kama mtu mzima, kisha kocha wake akamwita akaoge. Marcelina alirudi Musoma jioni hiyo akiwa amemshika Hilda mkono kwa nguvu njia nzima, mpaka Hilda akamwambia anaumia.

Sasa Kocha alikuwa ameijaza fomu ya tano. Mwaka wa kuzaliwa: 2014.

“Huu ndio wa mwisho,” alisema. “Akitoka Butiama mimi mwenyewe nitamwandika miaka yake yote kwa mkupuo. Unataka nikuapie?”

“Uliapa mwaka juzi.”

“Mama Hilda, niangalie. Huyu akikua leo, ile bekhendi imekwisha. Miaka minne ya kazi! Tunarudi sifuri. Na unajua atapangwa wapi? Na wanawake wakubwa, maana Butiama wasichana hawana kundi la kumi na sita. Kule yupo Justina wa Kiabakari. Umewahi kumwona Justina akipiga mpira? Atamuua.”

“Amuue.”

“Wewe mama, una roho gani?”

“Atakufa akiwa na miaka kumi na mitano. Mimi nilizaa mtu, sikuzaa kombe.”

Magige alikohoa pale mlangoni. “Jamani, mimi nina safari. Kama mnagonga, tugonge.”

“Na wewe Magige,” Marcelina alimgeukia, “umegonga fomu za huyu mtoto mara nne. Hukuwahi kuona chochote?”

“Mama, kazi yangu ni muhuri. Ya ndani mnayajua wenyewe.”

Kwenye meza ya pili mipira ilikuwa imeisha. Gloria alianza kuizoa sakafuni kwa kimia cha kuchotea dagaa, na Hilda akaja, raketi mkononi, akasimama kati ya mama yake na kocha wake. Alifika kwenye mbavu za wote wawili.

“Hamjaniuliza,” alisema.

“Sema, mama,” Kocha alimwambia kwa upole. Humwita hivyo tangu akiwa na miaka kumi na moja ya kwanza.

“Niko kidato cha pili. Wenzangu wananibebaga mgongoni kwenda kantini, eti nitachoka njiani. Watoto ninaocheza nao kwenye mashindano wananishikaga mkono tuvuke barabara. Mimi ndiye ninayewafunga, halafu wao wananivusha.” Alisogeza jino kwa ulimi, kama alivyozoea. “Nataka kufungwa, Kocha. Nataka nifungwe na mtu wa saizi yangu.”

Kocha aliitazama raketi iliyokuwa mkononi mwa Hilda. Ilionekana anahesabu kitu kichwani, labda zile bekhendi laki mbili.

Marcelina hakungoja amalize. Alizunguka meza, akaiokota kalamu, akakata 2014 kwa mistari miwili na kuandika 2010 juu yake kwa tarakimu kubwa, kama anavyoandika vipimo kwenye daftari. Kwenye nafasi ya kundi alikata “wasichana chini ya miaka 12” akaandika “wanawake”. Akasaini. Akaipeleka fomu hadi kwenye kiti cha plastiki.

“Gonga.”

Magige aliisoma fomu kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo. “Hii ina makovu,” alisema.

“Gonga.”

Akagonga.

Hilda alikuwa amesharudi kwenye meza yake, kwa kuwa muda wa mazoezi ulikuwa haujaisha. Gloria alikuwa amejaza ndoo na alianza kurusha. Mipira saba ya kwanza ilitua vizuri ng'ambo, palepale pa siku zote. Wa nane ulipita juu ya meza. Wa tisa uligonga ukingo, wa kumi ukaenda ukutani. Kiatu cha kulia kilipasuka mshono, kikafuata cha kushoto, Hilda akavivua kwa kuvikanyagia visigino na kuendelea peku. Kufikia mpira wa ishirini mikono ilikuwa imetoka kwenye mikono ya blauzi na sketi ilikuwa imepanda juu, Marcelina akavua kanga yake, akamfunga kiunoni bila kumsimamisha. Kwenye mpira wa thelathini ndipo jino lilipodondoka mezani. Lilidunda mara moja. Gloria alilifagia kwa kiganja, akalitia mfukoni, akarusha mpira wa thelathini na moja.

Ndoo ilipoisha, dada alikuwa anamtazama mdogo wake kutoka juu, si sana, inchi moja hivi.

“Umekuwa na jasho baya,” Gloria alimwambia.

“Ni la kwangu,” Hilda alisema. Sauti ilikuwa imeshuka na yeye mwenyewe aliisikiliza kidogo.

Marcelina aliuvua utepe shingoni akampima palepale. Alikuwa ameongezeka inchi tisa na robo. Alipima tena kwa sababu ya ile robo, akaipata tena, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, na kitu alichokuwa amekibana kifuani tangu Bunda kikalegea kiasi kwamba alianza kupiga miayo, mmoja juu ya mwingine, hadi machozi yakamtoka.

Kocha Felisian alimwendea Hilda, akamrekebisha kiwiko, akampa mpira mmoja apige. Hilda aliukosa kabisa.

“Sifuri,” Kocha alisema. “Nilisema.” Lakini alimshika tena kiwiko, akakishusha, akarudi nyuma hatua mbili kukitazama, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyepewa kazi. “Una mkono mrefu, wewe. Jumatatu saa kumi. Tunaanza na kushika raketi.”

“Nitakuja, Kocha.”

Saa tano na nusu aliingia Baba Shija, fundi baiskeli, na binti yake Shija aliyetimiza miaka kumi na miwili mwezi uliopita. Kundi la wasichana chini ya miaka kumi na miwili lilikuwa limebaki na nafasi moja. Kocha alichukua fomu mpya akamuuliza Shija jina lake la tatu, na kwenye mwaka wa kuzaliwa akaandika 2014.

Marcelina aliinuka kwenye ndoo. Alimweleza Baba Shija kila kitu: zahanati, vipimo, Prosper na kamba za viatu. Hakupamba wala hakupunguza. Baba Shija alisikiliza vizuri, kofia mkononi, kisha akamtazama Hilda kuanzia vidole vya miguu vilivyokuwa wazi hadi kichwani.

“Kumbe huyu ndiye Hilda? Mbona wa kwako amekua?”

“Amekua leo. Nusu saa iliyopita.”

“Haikumuuma?”

“Haikumuuma.”

“Basi na wangu atakua siku nikitaka,” Baba Shija alisema, akasaini.

Magige aligonga, akafunga pedi ya wino, akawatakia Jumapili njema na kutoka. Kocha alimpa Shija raketi ndogo akamwonyesha mahali pa kusimama. Shija alipiga mpira wake wa kwanza, ukatua vizuri sana ng'ambo ya neti, na Kocha akasema, “Hapohapo. Usisogee hapo.”

Marcelina alifungua mdomo aseme tena. Alimtazama Baba Shija, akaona ameshatoa simu na anampiga mwanawe picha. Akaukunja utepe wake.

“Kuna maduka ya viatu yanafunga saa saba,” aliwaambia binti zake. “Twendeni sasa hivi.”

“Namba ngapi?” Gloria aliuliza.

“Thelathini na tisa. Na sidiria. Na wewe Gloria usicheke.”

Walitoka. Mlango wa ghala ulijengwa wa kupitisha lori la marobota ya pamba. Hilda aliinamisha kichwa hata hivyo, asijigonge.