Mgongo wa Safrida

Mwanamke mwenye mke mwenza aliye hai ana nafuu yake: atamnunia, atampikia majungu, na siku akichoka atamwita nje wagombane mambo yaishe. Mke mwenza wa Yusniar alikuwa maiti. Safrida alichukuliwa na maji ya gharika kabla Yusniar hajaujua mji wa Banda Aceh, na maiti hagombani, hazidishi chumvi, hazeeki. Yusniar alikuwa anaikaribia arobaini na goti limeanza kumsumbua, na mwenzake bado ni yule yule binti wa miaka ishirini na sita. Alimwonea wivu mchana na usiku, na wala hakuona haya kulikiri hilo moyoni.

Kila Jumapili asubuhi mumewe, Zubaili, alimpa kitambaa cha kichwa cha rangi ya manjano, kama cha marehemu, akabeba kamera yake begani na kusema, "Haya, twende tukampige Safrida." Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayekwenda kununua mkate. Aliyesimama mbele ya kamera ni Yusniar, ameipa mgongo.

Siku nyingine za juma Zubaili alipiga picha za harusi ili wapate kula. Jumapili ilikuwa ya sanaa, maana ndiyo siku maji yalipokuja. Kamera ya sanaa ilikuwa sanduku la mbao la miguu mitatu, na picha yake moja ilimtaka mtu asimame tuli muda mrefu. Wanaopita hawatulii, basi hawaonekani. Soko zima la samaki la Peunayong hutoka tupu, kama lilivyokuwa maji yalipoondoka, na katikati ya utupu huo pana mgongo wa mwanamke mmoja. Muda huo Zubaili hakuupima kwa saa. Alifungua kifuniko cha kamera, akafumba macho, akamsomea marehemu Al-Fatiha, na alipofika amin akakifunga. Hebu fikiria, msomaji, kusimama kama nguzo kwa urefu wa Fatiha anayosomewa mke wa mumeo.

"Bega la kushoto, lishushe kidogo," Zubaili alimwambia pale sokoni. "Sivyo. Yeye alikuwa anasimama kama mtu anayesikiliza."

"Anasikiliza nini?"

"Simama tu, Yus."

Muuza samaki mmoja, aliyemwita Bang, yaani kaka, alicheka huku akipaa magamba. "Bang Zubaili, mwanamke mzuri hivi unampiga mgongo? Hata samaki tunaanza kumtazama macho!"

Soko likaangua kicheko. Yusniar akacheka nao, na moyoni akawa anaungua.

Nyumbani hakukuwa na afueni. Kwa watu wa pale nyumba ni ya mwanamke, na ile waliyokaa ilijengwa upya juu ya kiwanja cha Safrida. Mama mzazi wa marehemu, Mak Saudah, alikaa chumba cha nyuma na pua yake ilifika jikoni kabla yake.

"Safrida alikuwa akitia birimbi kavu kwa kukisia tu, mchuzi unakaa sawa," alisema bibi siku hiyo. "Nyie watu wa milimani mnapika kama mnaogopa chungu."

Yusniar alitoka Takengon, kwenye mashamba ya kahawa. Maji yale hakuyaona hata tone, na hilo alikumbushwa mara nyingi.

"Basi si mngemsubiri, Mak."

"Tulimsubiri," Mak Saudah akajibu. "Miaka minne, na hata kanga yake haikurudi. Ndiyo ukaja wewe."

Jioni, Zubaili alipokuwa anafuta vumbi kwenye kamera, Yusniar alimsogelea. "Bang, nipige na mimi picha."

"Si nakupiga kila Jumapili?"

"Uso."

"Siku nyingine, Yus. Mwanga umekwisha."

Mwanga huo ulikuwa unakwisha tangu walipooana. Picha pekee ya uso wake mle ndani ilikuwa ile ndogo ya kitabu cha ndoa, iliyopigwa na mtu mwingine huko Takengon, macho yamemtoka kama mtu aliyesingiziwa wizi. Mke wa mpiga picha! Kweli nyumba ya mhunzi hukosa kisu.

Picha ya mwisho ya maonyesho aliyokuwa akiyaandaa Zubaili ilipigwa Ulee Lheue, karibu na bahari, kwenye vigae vilivyobaki vya studio yake ya zamani. Hapo ndipo alipomwacha Safrida akifagia asubuhi ya gharika, yeye akaenda kupiga harusi mbali na pwani. Alimweka Yusniar mahali pale pale, akarekebisha bega, akafungua kifuniko na kufumba macho.

Yusniar alisikia Fatiha inaanza. Ilipofika katikati, wivu ulimzidi, akageuka. Akaitazama kamera kavukavu, bila kupepesa, na akasema kimoyomoyo: nione, mimi ndiye niliyesimama. Mumewe alipoifikia aya ya mwisho na kuivuta, kama kawaida yake, Yusniar alikuwa amesharudi kwenye mgongo.

Siku aliyoisafisha, Zubaili alikaa chumba cha giza mpaka wali ukapoa. Alipotoka alikula, akalala. Yusniar alingoja kuulizwa kama mwizi anavyongoja kubishiwa hodi. Hakuulizwa.

Maonyesho yalifunguliwa siku ya kumbukumbu, mwaka wa kumi wa gharika. Picha ile alikuwa ameifanya kubwa kuliko zote, akaitundika ukuta wa mwisho peke yake. Ulikuwa mgongo wa mwanamke, na ndani ya mgongo huo uso hafifu, unakutazama.

Watu walisimama mbele yake na kufuta machozi. "Kageuka!" mama mmoja akalia. "Safrida kageuka kutuaga!"

Na Yusniar yuko hapo hapo, hatua moja kutoka ukutani, na pua ile ile na kidevu kile kile, na hakuna aliyemtupia jicho. Walimwomba apishe kidogo, anaziba. Alihisi kama kaibiwa. Alikuwa amempa yule mwanamke mgongo, Jumapili zake, mume wake kila afumbapo macho, na sasa kamchukulia na uso.

Mak Saudah alifika taratibu, akavaa miwani. "Mak, ndiye?" watu wakamuuliza. Bibi akaitazama picha. Akamtazama Yusniar. Akairudia picha.

"Ndiye," akasema.

Walipotoka nje Yusniar alimshika mkono. "Mak, ile ni—"

"Nilimzaa mimi. Pua ile si ya kwetu."

"Mbona umesema ndiye?"

"Watu wamekuja na vilio vyao, wengine hawana hata kaburi. Niwarudishe navyo nyumbani?" Bibi akavua miwani. "Mimi usiniulize. Kamuulize mumeo kwa nini yeye kanyamaza."

Akamuuliza, jikoni, mwiko mkononi. "Uliniona kwenye picha?"

"Nilikuona kwenye dawa, ulipoanza kutokea."

"Ukaacha watu waniite Safrida!"

Zubaili akakaa kwenye kibao cha nazi, mwanamume mzima. "Yus, nilipouona uso ule nilidhani ni yeye. Nilikaa nao nusu ya siku ndipo nikajua ni wewe." Akainamisha kichwa. "Nimemsahau uso. Albamu zote zilikuwa studio, na nyumba nayo ilikombwa na maji. Mwanzo nilikuwa namwona. Baadaye zikabaki nyusi. Sasa najua anavyosimama tu, ndiyo maana napiga mgongo. Nikijaribu kumkumbuka uso, unakuja wewe."

Hayo ndiyo maneno Yusniar aliyoyaomba kwa Mungu miaka yote. Kashinda. Alitakiwa apige vigelegele, na badala yake akaogopa. Kama yule aliyesomewa kila Jumapili kapotea hivi, yeye asiye na picha atadumu siku ngapi? Akamwona mwanamke mwingine, mdogo kuliko yeye, amevaa kitambaa chake, anaambiwa shusha bega. Akamwonea wivu na huyo, ambaye bado hajaja.

"Kesho unanipiga picha," akasema. "Uso, mchana kweupe, na wewe umefumbua macho."

"Sawa, Yus."

"Na sitaki ikae hapa peke yake. Moja ya mama, Takengon. Moja ya dada yangu, Medan. Watu wakija kukuuliza nilikuwaje, pawe na mtu wa kukusahihisha."

"Na mimi mnipe moja," ilisema sauti kutoka chumba cha nyuma. "Kubwa. Macho yangu mabovu."

"Ya nini, Mak?" Yusniar akauliza, akidhani anachokozwa.

"Wa kwanza sikumwekea hata moja," Mak Saudah akajibu. "Nilijua ninaye."