Mwili Utaletwa Jumatano

Ndi! Ndi! Ndi! Jembe lilikuwa likikita ardhi nyuma ya nyumba, na Mokami aliyasikia mapigo yake kabla hajaliona hata paa la kwao. Msimu wa kulima ulikuwa umeshapita. Akaongeza mwendo, mfuko wa dagaa alionunua Tarime ukimgonga gotini, akaizunguka nyumba. Baba yake, mzee Nchagwa, alikuwa amezama hadi kiunoni ndani ya shimo, uso umelowa, jasho na machozi havijulikani kipi ni kipi.

"Tata, unachimba nini?"

"Usiniulize unachokiona."

Mokami alikuwa mtu wa kuuliza. Kijiji kizima cha Genkuru kilijua kwamba ukimwambia mvua itanyesha, atataka kujua nani kakwambia. Lakini sasa alilipima lile shimo kwa macho. Shimo lilikuwa na urefu wa mtu, na mtu aliyekosekana nyumbani mwao alikuwa mmoja tu: kaka yake Hezekia, dereva wa bodaboda, aliyechukuliwa barabarani Nyangoto mwezi uliopita na wanaume wasiojitambulisha. Baadaye ikasemekana anazuiliwa kwa ajili ya usalama wa taifa. Hakushtakiwa kwa lolote, wala hakuna aliyewaambia yuko wapi.

"Wakili wa Hezekia amepiga simu," mzee akasema, jembe limemning'inia mkononi. "Mahakama imekubali ombi lake. Mwili utaletwa mahakamani Musoma Jumatano."

Mokami akakaa juu ya udongo uliofukuliwa. Alitaka kulia, ila udadisi ukamwahi.

"Tata, maiti huletwa mahakamani kufanya nini? Kutoa ushahidi?"

"Muulize huyo wakili wako Mhaya!"

Mokami akapiga simu, akaiweka sauti ya juu.

"Shikamoo, dada Kokushubira. Kaka yangu amekufa na nini?"

"Amekufa? Nani kasema?"

"Wewe! Umesema mwili unaletwa."

"Yesu wangu. Mokami, hiyo ni lugha yetu ya mahakamani, asili yake Kilatini. Aliyemshika mtu anaamriwa aulete mwili wake mbele ya jaji, aonekane, na aeleze kwa nini kamshika. Ni mwili unaopumua, mdogo wangu. Mwili wenye miguu!"

"Maiti nayo ina miguu, mwanasheria!" mzee akafoka kutoka shimoni. "Kwa nini hukusema mtu?"

"Nisamehe, baba. Umesema kweli. Ningesema mtu."

Nchagwa akapanda juu, akacheka kicheko kilichofanana na kilio. Kisha akaenda kukata mgomba, maana kwa mila zao kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Aliulaza ule mgomba shimoni na kuufukia, huku akiwatukana Walatini wote, wafu kwa hai.

Mokami hakuwa amekata simu. "Wanasema kaka amefanya nini?"

"Hajafanya. Wamemzuia asije akafanya."

"Asije akafanya nini?"

"Kwenye hati yao ya kiapo wameandika kwamba anaongoza kundi linaloitwa Ritongo."

"Linaitwaje?"

"Ritongo. Wewe unalijua?"

"Hata mbuzi wetu wanalijua! Ritongo ni mkutano, dada. Watu wanakaa kwenye majani, wanazungumza mambo yao hadi wanaelewana. Hezekia alizunguka na pikipiki kuwaita watu wazungumzie mashamba yaliyo jirani na mgodi. Kumbe sisi tumesikia maiti, na wao wamesikia jeshi."

"Hilo nitalisema mbele ya jaji."

"Basi tumeshinda."

"Taratibu. Jaji anaweza asiliguse kabisa."

Asiliguse kwa nini? Swali hilo lilipanda naye basi hadi Musoma, wala halikusinzia.

Jumatano Hezekia aliingizwa mahakamani katikati ya askari wawili, amekonda, ndevu zimemvamia, macho yanatafuta watu wake. Mzee Nchagwa alisimama bila kuambiwa, akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. "Ni yeye," akasema kwa sauti, na karani akamwashiria akae.

Wakili wa Serikali, kijana nadhifu aitwaye Danford, alianza kwa upole. "Mheshimiwa Jaji, sheria hii ya kizuizi haisubiri kosa litendeke. Moto huzimwa ungali cheche."

Na nani kaitazama kwa karibu, Mokami akajiuliza, akajua ni cheche na si kimulimuli?

Kokushubira alieleza maana ya ritongo. Jaji aliandika bila kuonyesha lolote usoni, kisha akamgeukia Danford.

"Mzuiliwa alipewa sababu hizi kwa maandishi, kama sheria inavyotaka?"

"Mheshimiwa, naomba muda niwasiliane na—"

"Alipewa?"

Danford alifunua makaratasi mbele, akayafunua nyuma. "Hapana, Mheshimiwa."

Hapo kamba ikakatika. Jaji akatamka kwamba kizuizi ni batili, akaamuru Hezekia aachiwe. Neno ritongo halikutajwa tena.

Walimpeleka mgahawani ng'ambo ya barabara. Hezekia alikuwa akila chapati kama mtu anayegombana nayo. Mokami alimshika mkono, lakini macho yake yalikuwa kwa wakili.

"Dada, na kama wangempa hiyo karatasi ya sababu?"

"Pengine angerudi ndani."

"Hata kama karatasi inasema mkutano ni jeshi?"

"Kwa sheria hii, wanaopima hatari ni wao. Jaji amepima utaratibu."

"Na ukweli unapimwa na nani?"

Kokushubira akaweka kikombe chini. "Hiyo ni kesi nyingine, ya kuipinga sheria yenyewe. Ninaitaka sana. Lakini wewe huwezi kuifungua. Lazima aifungue yule aliyeumizwa nayo."

Wote wakamgeukia Hezekia.

"Msiniangalie hivyo," akasema. "Nilipokuwa natoka, mmoja wa wale askari aliniambia, 'Tutaonana, mura. Safari ijayo tutakuja na karatasi.'"

"Mwacheni mtoto ale," mzee akanguruma.

"Ukifungua kesi wanaweza kuja," Kokushubira akasema. "Usipofungua, wanaweza kuja vilevile. Siwezi kukudanganya."

Hezekia alikitazama kipande cha chapati mkononi. "Mule ndani sikuumizwa na njaa. Niliumia kudhani kwamba huku nje hakuna anayeuliza niko wapi. Nikiweka sahihi kwenye karatasi za kesi wakanichukua tena, nitaanza kudhani hivyo hivyo."

Mokami aliusogeza ule mkono alioushika hadi kifuani pake, naye akasema kwa sauti iliyowafanya hata wahudumu wageuke:

"Weka sahihi, kaka. Wakikuchukua, sitakaa Genkuru kungojea simu. Kutakapokucha nitakuwa mlangoni kwao, nauliza Hezekia Nchagwa yuko wapi. Wakinifukuza mlangoni nitaulizia barabarani, na kesho yake nitarudi. Nakuahidi, na Tata anasikia: hakuna siku utakayokaa ndani bila mimi kuuliza."