Chuma Kilichopinda

Wivu wa ndugu ndio mbaya zaidi, maana unalala nao nyumba moja. Baba wa ndugu hawa wawili, mkereza vyombo vya mbao kwa mashine ya kuzungusha, kabla ya kufa aliwagawia vyuma vyake vya kukombea ndani. Dada Mkubwa alipewa kirefu kilichonyooka. Kile chenye shingo iliyopinda kikaenda kwa kitindamimba, ambaye juzi tu alikuwa wa kupiga msasa.

Chuma cha Dada kilifika hadi chini kabisa ya chombo, sawa, lakini hakikuweza kuzunguka kukomba mabega yaliyojificha nyuma ya mdomo mwembamba. Mabega ya vyombo vya mdogo wake yalikuwa membamba, ukigonga kwa ukucha yanalia. Wateja walivigonga wakatabasamu. Dada alifagia maranda huku moyo unamchoma.

Asubuhi moja kijana alitoka kufuata gundi, Dada akakichukua kile chuma kilichopinda. Chombo chake alikuwa amekihangaikia siku tatu, kimebaki mabega tu. Akawasha mashine, akalaza chuma kwenye kiegemeo kama alivyozoea kulaza chake. Wivu ulishamtia upofu. Chuma kilichopinda huegemezwa kwa sehemu iliyonyooka, pindo likiwa limeshaingia ndani. Yeye aliegemeza pindo lenyewe. Kikajipindua mkononi, kikauma mbao, chombo kikapasuka.

Kitindamimba alikuwa mlangoni na kopo la gundi.

"Haya, sema," Dada akamwambia. "Nimekichukua bila ruhusa. Nakionea wivu tangu siku ile."

Kijana akatoa rafuni chombo chake kizuri kuliko vyote. "Hebu kishike."

Dada alikipokea, mkono ukashuka. Mabega mepesi, lakini chini kizito kama kinu.

"Chuma changu kifupi, hakifiki chini," kijana akasema. "Nikikilazimisha kinatetemeka. Watu wanagonga mabega, hawanyanyui. Mimi kila siku naangalia hicho chako ukutani, Dada. Nilijua wewe ndiye uliyependwa na baba."

Dada akakaa kwenye kigoda, akavitazama vipande vya kazi yake sakafuni. Kisha akainuka, akaangua chuma chake ukutani, akampa.

"Usikisukume. Kiache kile mbao chenyewe, kidogo kidogo."

"Sawa."

Walisimama hivyo, kila mmoja ameshika upande wake wa mpini.

"Dada," kijana akasema. "Achia basi."