Laini ya Mama Nella

Mdomo wangu hauna breki, hilo kila mutu wa mtaa wetu wa Carama analijua. Lakini siku ile kosa lilikuwa la kidole. Nilikuwa namtumia mdogo wangu Mawazo pesa ya kutibu jicho la mama, aivushe hadi kwetu Uvira, Kongo, kabla madaktari wa macho hawajaondoka Ijumaa. Nikakosea namba moja tu. Simu ikaniuliza: unatuma kwa Rénovat? Nikabonyeza ndiyo. Msinicheke! Sisi Wakongomani wa Bujumbura, laini zetu nyingi zina majina ya watu wengine. Tulipofika hatukuwa na karatasi, tukaandikishiwa na jirani au mwenye nyumba. Jina geni kwenye simu halitushtui.

Mawazo akapiga: "Dada, pesa iko wapi?"

Nikampigia huyo Rénovat. Nilianza na "Baba, samahani," nikamaliza na "Mwizi we!" Hakukasirika.

"Mama, matapeli wananipigia kila siku eti wamekosea. Nenda kwa kampuni ya simu. Wakiniuliza, nitakubali irudi."

Ofisini, binti wa dirishani akatazama kompyuta, kisha akanitazama mimi. "Laini hii si yako, mama. Ni ya Candide. Aje mwenyewe na karangamuntu yake, kitambulisho cha uraia."

Yesu wangu! Candide ndiye Mama Nella, mwenye nyumba wetu wa zamani kule Ngagara. Alitupokea mimi na mama yangu tukiwa na nguo za mwilini tu, akatuandikishia laini, akanifundisha hata Kirundi cha sokoni. Na siku ya kuhama, tulipogombana juu ya bili ya maji, nilisimama uani majirani wote wakisikia, nikamwambia anasaidia wakimbizi ili asifiwe kanisani. Tangu siku hiyo sikupita tena barabara yao. Mama alikuwa ametangulia na mizigo, na baadaye alirudi Uvira bila kujua nilichosema. Karatasi yangu ya ukimbizi ilitoka zamani, ningeweza kubadilisha laini. Sikutaka. Nilipenda jina lake libaki pale.

Basi nikaenda. Nilimkuta anachambua majani ya lengalenga mlangoni, kichwa kimejaa mvi. Nikaeleza mbiombio, nikapiga magoti. "Mama Nella, unisamehe."

Akajipangusa mikono. "Simama, utachafua kitenge. Ngoja nilete karangamuntu."

Ndani ya basi nikajaribu kuongea. Nella hajambo? "Hajambo." Na ule mguu wako? "Upo." Nikageukia dirisha, mimi ambaye naongea hata kwenye matanga.

Dirishani mambo yakaenda vizuri. Binti akampigia Rénovat, Rénovat akakubali, na kabla hatujaondoka pesa ilikuwa imerudi. Nikapiga vigelegele mbele ya watu wote. "Mungu akubariki, mama! Jumapili nitakuletea samaki wa ndagala, nitakupikia mwenyewe..."

Akanyoosha mkono kunizuia. "Nimekuja kwa sababu ya mama yako. Yeye hakunitukana." Kisha akamgeukia binti. "Sasa mutoe jina langu kwenye laini hii. Ana karatasi yake."

"Apana, Mama Nella, tuiache tu hivi..."

"Pascaline. Mi nimechoka."

Alisema bila hasira. Laiti angenitukana! Matusi ningejua kuyajibu. Akatia sahihi, akaniaga kwa kichwa, akatoka. Nilitaka kumkimbilia, lakini binti alikuwa bado anahitaji karatasi yangu.

Nikabaki na laini yenye jina langu mwenyewe. Nikamtumia Mawazo pesa, safari hii namba nikiisoma kwa sauti, halafu nikampigia mama kumwambia matibabu yapo. Alifurahi, akauliza nani amenisaidia. Nikamwambia.

"Mama Nella!" akapaza sauti. "Jicho likipona, mutu wa kwanza ninayetaka kumuona ni yeye. Nitakuja kukaa kwake wiki nzima, kama zamani. Umuambie anitayarishie kitanda."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nitamuambia."