Ng'ombe Waliolamba Majivu

Mwaka sabini na sita mvua zilichelewa Usangu, na Leokadia alikuwa akipikia vipande vya nguzo. Yadi ya nguzo za simu, kando ya barabara ya Ubaruku, ilitupa mabaki yake nje ya uzio, na wanawake wa kijiji waliyaokota kwa sababu kuni zilikuwa mbali. Yalikuwa ya kijani, kwa dawa ya kuzuia mchwa. Yaliwaka vizuri, ila moshi wake ulikwaruza koo.

Majivu yake yalikuwa na chumvichumvi. Asubuhi moja ng'ombe wa mumewe, Mihayo, waliyalamba jalalani. Kufikia jioni walikuwa wamelala zizini, miguu imekakamaa. Mihayo alikuwa amewaswaga kwa miguu kutoka Shinyanga. Aliwazika wote, akakataa kula.

Kulipopambazuka walirudi. Walisimama kuzunguka jiko, udongo ungali mgongoni. Hawakunywa maji, na nzi hawakutua juu yao. Leokadia alipokuja na kuni za kijani, fahali mwekundu alimzibia mlango. Alipokuja na kuni za mgunga, alimpisha.

Binti yao Helena alikuwa mjamzito. Viganja vyake vilikuwa vimeanza kuota magamba, na kila alichokula alikitapika. Leokadia alimtazama, akamtazama yule fahali.

"Ni kuni," alimwambia mumewe.

Mihayo akamwita Bwana Afya, kijana wa Iringa aliyeitwa Kasian. Alifika kwa baiskeli, akajipenyeza katikati ya ng'ombe akiwaomba njia, akanusa majivu. Alisema mabaki yale hayafai kuchomwa wala kugawiwa mtu. Lazima yafukiwe kwenye shimo lenye uzio, mbali na maji. Wakaenda yadi pamoja. Ng'ombe waliwafuata, wakajipanga langoni wakimkodolea macho meneja, Liberatus.

"Ndugu Mihayo, ondoa ng'ombe wako," alisema Liberatus.

"Hawaswagiki tena, ndugu meneja. Wamekufa."

"Naona. Lakini wananizuilia lori."

Kasian alisema hataondoka mpaka shimo lichimbwe. Liberatus akakubali. Shimo lilichimbwa, likazungushiwa uzio. Kasian alilikagua, akamshika kila mtu mkono, akapanda baiskeli yake.

Siku iliyofuata lori lilipakia mabaki yote. Ng'ombe waliacha jiko la Leokadia, wakalifuata. Mihayo hakupenda walivyoharakisha, naye akatoka mbio nyuma yao. Lori lilipita shimo bila kupunguza mwendo, likavuka mto, likamwaga mzigo kwenye kijiji cha pili. Wanawake walikuwa tayari wanasubiri na kamba zao.

Mihayo aliwaeleza yaliyompata, akawaonyesha ng'ombe. Walimpa pole. Mmoja wao, Tekla, aliyekuwa na mtoto mgongoni, aliendelea kufunga mzigo wake.

"Leo nisipookota hizi, baba, watoto watakula nini?"

Ng'ombe walitawanyika, kila mmoja akaziba mlango wa jiko moja. Fahali mwekundu alikwenda kwenye jiko la mbali zaidi. Mihayo alisimama barabarani mpaka moshi ulipoanza kupanda. Majiko yalikuwa mengi kuliko ng'ombe.

Alirudi nyumbani. Leokadia alimwuliza kama ng'ombe walikuwa njiani, akajibu kwamba wamebaki kule, kazi imewazidi.

Baada ya wiki, mbuzi wa Tekla, udongo ungali mgongoni, walikwenda kuwasaidia.