Seli Zilizofuatana Moja Moja

Wankyo alikuwa mkaguzi wa pamba katika kijiji chao cha ujamaa, nje kidogo ya Bunda. Mwaka 1974, wakati wa palizi, aligundua titi lake la kushoto limekuwa gumu upande wa nje. Hakukuwa na gololi ya kushika, ugumu tu, kama ugali uliolala. Hospitalini Musoma walimkata kipande cha nyama, wakamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Aliporudi alipokelewa na Daktari Wenceslaus, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma nyama za wagonjwa kwenye hadubini.

"Habari ni njema, mama. Hatukuona saratani. Kuna kovu na dalili za kidonda kidogo cha ndani."

Wankyo hakuinuka. "Daktari, mliangalia kipande chote?"

"Hapana. Tunachukua sehemu, tunaigandisha kwenye nta, tunaikata nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, halafu tunaitia rangi."

"Mlichukua sehemu gani?"

Daktari alifungua faili. "Ya pembeni."

"Mimi gunia la pamba siangaliagi juu tu. Watu wanaweka safi juu, fifi, ile chafu, chini. Naingizaga mkono mpaka katikati. Na titi bado gumu. Ile nyama iliyobaki mmetupa?"

Daktari alikunja uso kidogo. Halafu akainuka, akaenda kabatini, akarudi na chupa yenye kipande cheupe kinachoelea ndani ya dawa.

"Ipo," alisema. "Njoo keshokutwa."

Wankyo alilala kwa dada yake Hana, kule Mwisenge, mjini hapo hapo.

"Mtu anakwambia u mzima, wewe unamkatalia?" Hana alishangaa.

"Sijamkatalia. Nimemuuliza."

Siku ya tatu daktari hakumketisha ofisini. Alimpeleka moja kwa moja maabara, akamwekea kiti mbele ya hadubini.

"Kwanza angalia hii. Si yako. Mwenyewe yuko mbali."

Wankyo alifumba jicho moja. Aliona vidoa vya zambarau vimerundikana mafungumafungu, kama dagaa waliomwagwa mchangani.

"Hiyo ni saratani iliyoanzia kwenye mirija ya maziwa. Mara nyingi hujikusanya, ndiyo maana mkono ukipapasa unakuta uvimbe." Akabadilisha kioo. "Sasa hii ni yako. Nimekata vipande vingine vitano, hiki kimetoka katikati."

Aliona rangi ya waridi tupu, nyuzi nyuzi.

"Sioni kitu."

"Fuata nyuzi polepole."

Akafuata. Katikati ya nyuzi kulikuwa na kidoa kimoja kidogo, nyuma yake kingine, na kingine.

"Zinafuatana moja moja. Kama siafu."

"Ndizo hizo. Ni ndogo, zinafanana, hazirundikani. Hapo pembeni zilikuwa chache, nikadhani ni zile seli za mwili zinazokuja kwenye kidonda. Nilikosea, mama."

"Kwa hiyo ni saratani."

"Ndiyo. Ni aina nyingine, ile inayoanzia kwenye vifuko vinavyotengeneza maziwa."

Alitaka kulia, lakini kabla machozi hayajaja alirudisha jicho kwenye hadubini.

"Kwa nini zinatembea hivyo?"

"Hatujui," alisema Wenceslaus. "Tunaziona, tunazitambua, lakini sababu hatujaipata."

Wiki iliyofuata titi lilitolewa. Mumewe, Enoka, alikuja kwa basi kutoka Bunda, akakaa kando ya kitanda siku nne. Daktari alikagua pia tezi za kwapani, safari hii zote, akazikuta safi. Alimweleza Wankyo kwamba aina hii wakati mwingine hutokea kwenye titi la pili, kwa hiyo arudi kila baada ya miezi michache. Alirudi miaka sita mfululizo, na hakikuonekana kitu.

Kijijini wanawake walimuuliza uvimbe ulikuwa mkubwa kiasi gani. Alipowaambia hakukuwa na uvimbe, ugumu tu, hawakumwamini. Ikabidi awaketishe ghalani mmoja mmoja, awaonyeshe namna ya kupitisha vidole vikiwa bapa, taratibu, bila kutafuta gololi.