Tulia, Tikisika

Mume aliingia amefura, hata salamu hakutoa.

"Mtoto karudishwa tena kutoka madrasa! Maalim anasema anasoma amekauka kama mti, na kila aya anauliza maana yake nini. Mwalimu wako wa shule anamharibu!"

"Mwalimu wangu? Nimemzaa mimi?" Mkewe, fundi cherehani, hakuinua hata macho. "Jana shuleni darasa zima limemcheka kwa ajili ya maalim wako. Kushika kitabu tu, huyo anatikisika, mbele nyuma, mbele nyuma. Mwalimu kamwambia, 'Tulia, hapa si madrasa.' Mtoto kalia mpaka kamasi."

Loo! Maalim na mwalimu, si neno lile lile? Lakini wawili hawa walilivuta huku na huku mpaka likachanika. Mume alitaka binti aache shule, ahitimu msahafu kwanza. Samaki mkunje angali mbichi. Mke alitaka aache madrasa, kwa kuwa mtihani unakaribia na mshika mawili moja humponyoka. Methali hazikuwaishia, na kiburi ndiyo kabisa. Huku binti yao wa miaka saba, aliyekuwa akisoma kwa sauti hata maandishi ya pakiti za sabuni, siku hizi nyumbani hafungui kinywa. Hilo lilimchoma fundi rohoni, na lawama zote alimtwika mumewe.

"Mwite basi!" mume akafoka. "Asome hapa hapa, tujue nani kamfunza na nani kampotosha."

"Namwita. Na leo utaumbuka, baba wewe!"

Wakasukuma vitambaa pembeni. Kitabu cha shule kikawekwa mezani, na juzuu ikawekwa juu ya mto safi. Mama akamshika binti bega, akamsogeza upande wa kitabu.

"Soma, mwanangu. Mwonyeshe baba yako."

Binti akafungua. Kifua kikaanza kwenda mbele, akakizuia. Akamtazama mama, akamtazama baba, akafunga kitabu. Akafungua juzuu, akanyoosha mgongo, akaulegeza, akanyoosha tena. Sauti haikutoka.

"Umeona?" baba akasema. "Hajui hiki wala kile. Kazi yako hiyo!"

"Kazi yangu? Huna haya!"

"Najua," binti akasema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Najua vyote viwili. Shuleni nikitikisika nachekwa. Madrasa nikitulia nachapwa." Akawatazama mmoja mmoja, kwa adabu kabisa, kama anayeuliza choo kiko wapi katika nyumba ya watu. "Hapa nyumbani nifanye lipi nisipigwe?"

"Nani atakupiga hapa?" fundi akamaka. "Nani?"

Binti aligeuza macho taratibu, akaangalia bega lake. Vidole vya mama yake vilikuwa bado vimelikamata, vimelibana kwa nguvu.